Tiara, uzi na upepo wa baharini

Upepo wa baharini una sifa ambayo ni nadra kuipata nchi kavu: umesafiri mwendo mrefu juu ya maji bila kukutana na kizuizi. Hakuna ukuta uliouvunja wala mti uliouchana. Unapofika ufukweni unavuma sawasawa, na tiara inayopokea upepo wa namna hiyo hutulia angani kana kwamba imetundikwa. Katika starehe zote za ufukweni, hii ndiyo ninayoipenda kuliko nyingine. Na kadiri ninavyoitafakari ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba lawama nyingi tunazozibebesha tiara si zake. Kosa huwa ni mahali aliposimama mrushaji, au pale alipofunga uzi.

Nianze na mahali. Kitu chochote kirefu kilichosimama upande unakotoka upepo huacha nyuma yake hewa iliyovurugika, na vurugu hiyo huweza kuenea umbali wa mara saba hadi kumi ya kimo chake, pengine zaidi. Jengo la mita 8 basi linaweza kuharibu hewa kwa mita 60 hadi 80. Tiara ikiingia humo hupanda ghafla, hulegea, huyumba, kisha huanguka, na mwenyewe huanza kuongeza mkia au kukata kitambaa upya wakati tiara haina kosa lolote. Ufukweni, upepo ukitoka baharini, tatizo hilo halipo. Ukigeuka ukatoka nchi kavu linarudi lote, kwa sababu umeshapita juu ya miti na mapaa, tena unaisukuma tiara kuelekea majini. Uzi ukikatika siku hiyo, tiara imekwenda. Mimi siirushi upepo unapotoka nchi kavu, na sioni haja ya kumshawishi mtu airushe.

Siku ya jua, ardhi hupata joto upesi kuliko maji. Hewa iliyo juu yake huinuka, na hewa ya baharini, ambayo ni baridi zaidi, huja kushika nafasi. Kwa kawaida upepo huu huanza kusikika kabla ya adhuhuri, hupata nguvu alasiri, na hufifia jua linapokaribia kuzama. Usiku mzunguko hugeuka. Ndiyo maana saa nane mchana hadi saa kumi jioni ni muda mzuri wa kurusha, na anayekuja asubuhi mapema akakuta hewa imekufa asikate tamaa.

Upepo ukitoka baharini moja kwa moja, simama karibu na maji, uupe mgongo, ili tiara ipae juu ya mchanga. Hapo ujue hali ya maji: yakipwa una nafasi tele, yakijaa ufukwe unakuwa mwembamba na tiara inajikuta juu ya miti au vichwa vya watu. Upepo unaovuma sambamba na ufukwe ni bora kuliko wote, kwa kuwa unakupa urefu wote wa mchanga kuachia uzi na kuirudisha tiara.

Kuhusu nguvu ya upepo, skeli ya Beaufort, inayopanga upepo kwa namba kufuatana na dalili zinazoonekana kwa macho, inatosha kabisa, huhitaji chombo. Nguvu ya 3 ni kilomita 12 hadi 19 kwa saa: majani na vijiti vidogo vinatikisika wakati wote, na baharini vinaanza kuonekana vilele vyeupe vya mawimbi hapa na pale. Huo ndio upepo wa tiara nyingi. Nguvu ya 4 ni kilomita 20 hadi 28: karatasi zinapeperuka na vilele vyeupe vinakuwa vingi. Bado unaweza kurusha, ila kwa uzi imara. Nguvu ya 5 inaanzia kilomita 29, na hapo tiara nyepesi ibaki ndani ya mfuko. Sababu ni hesabu inayosahauliwa mara nyingi: upepo ukiongezeka maradufu, mvuto hauongezeki maradufu, unakuwa mara nne. Tiara iliyokuwa ikivuta kwa upole katika kilomita 15 kwa saa huvunja ufito ikifika 30.

Kwa anayetaka kutengeneza ya kwake, ninapendekeza umbo la almasi lisilo na mkia, lile lililoenezwa na Mmarekani William Eddy katika miaka ya 1890. Kata fito mbili zenye urefu sawa, sentimita 90 kila moja, za mwanzi uliopasuliwa na kulainishwa, au za fibaglasi ya unene wa milimita 4. Ufito wa kukingama uufunge juu ya ule wa wima kwenye sentimita 18 kutoka kileleni. Zungusha uzi mwembamba kupitia ncha zote nne ili kufanya fremu, weka kitambaa cha nailoni nyepesi au plastiki nyembamba, acha sentimita 2 za kukunjia pindo. Kitambaa kisikazwe kama ngoma. Kikiwa na ulegevu kidogo, upepo unakijaza na pande mbili zinapata tumbo linalolingana.

Kinachoifanya tiara hii isihitaji mkia ni kupinda. Funga uzi kutoka ncha moja ya ufito wa kukingama hadi nyingine, kwa upande wa mgongo wa tiara, ukaze mpaka katikati ya ufito iwe mbali na uzi huo kwa sentimita 9 hivi. Sasa mabawa yote mawili yameelekea nyuma. Tiara ikilalia upande mmoja, bawa lililoshuka linaukabili upepo zaidi na linainuliwa, na bawa la pili linapunguziwa nguvu. Inajirekebisha yenyewe kabla hujaona kosa. Kabla ya kufunga, pinda ufito mtupu kwa mikono na utazame umbo lake. Upande mmoja ukijikunja kuliko mwingine, ukwangue ule mgumu kidogo kidogo mpaka zilingane. Dakika tano za kazi hii zinaokoa alasiri nzima ya usumbufu.

Baada ya hapo huja hatamu, zile nyuzi mbili zinazounganisha tiara na uzi mkuu. Kwangu hii ndiyo sehemu yenye heshima kubwa kuliko zote, ingawa haionekani ikiwa juu. Mguu wa juu ufungwe kwenye makutano ya fito, wa chini kwenye ufito wa wima sentimita 10 kutoka mwisho wake wa chini. Kwa vipimo vyetu, mguu wa juu uwe na sentimita 45 na wa chini sentimita 77 hivi, ukikata uzi mmoja mrefu kidogo ili upate wa mafundo. Mahali miguu inapokutana weka pete ndogo, uzi upite ndani yake kwa kitanzi kinachobana: usogee ukiusukuma kwa kidole, usisogee ukivutwa na upepo. Ukiivuta pete juu tiara ikiwa imelala chali chini, mguu wa juu usimame wima. Huo ni mwanzo tu. Marekebisho hufanywa ufukweni, milimita 5 kwa mara moja. Anayesogeza pete sentimita 3 kwa mkupuo anaruka alichokuwa akikitafuta.

Tiara ikikataa kupanda, ikavuta kwa nguvu huku imekaa chini, au ikizungukazunguka palepale, pete imeshuka mno kuelekea chini ya tiara. Kitambaa kinaukabili upepo kwa kiasi kikubwa, kinasukumwa badala ya kuinuliwa. Sogeza pete juu. Ikipanda haraka, kitambaa kikapigapiga, kisha ikapita juu ya kichwa chako na kuporomoka kwa pua, pete iko juu mno, ishushe. Kwa upepo mkali pete ielekee kileleni kidogo, kwa upepo mwepesi ishuke kidogo, na tofauti kati ya siku hizo mbili haizidi sana sentimita moja au mbili kwa tiara ya ukubwa huu.

Ikielemea upande mmoja tu, kila mara upande uleule, hapo usiiguse pete. Ining'inize tiara kwa kushika kilele na mwisho wa ufito wa wima, uone bawa lipi linazama. Lililo zito lipunguzwe, au jepesi liongezewe kipande cha utepe wa gundi karibu na ncha. Kama inakaa sawa kwenye upepo mdogo na kuanza kuelemea upepo ukizidi, uzito hauhusiki: ufito unajikunja zaidi upande huo na bawa linapoteza nguvu. Dawa yake ni kisu na kukwangua, kama nilivyoeleza. Na ikiwa inayumba pande zote bila mpangilio, ama umesimama nyuma ya kizuizi, ama upepo umeishinda. Hapo ndipo mkia unapofaa hata kwa tiara isiyouhitaji. Utepe mwembamba wa plastiki wa mita 4 au 5 unatosha. Mkia hufanya kazi kwa kukokotwa na hewa, kwa hiyo kufunga matambara mazito ni kuibebesha tiara mzigo usio na faida. Ukiona inapanda kwa shida baada ya kuongeza mkia, ukate nusu.

Kurusha kwenyewe hakutaki mbio. Anayekimbia huwa anatazama mbele, tiara iko nyuma, na kila hatua inauvuta uzi kwa nguvu tofauti. Mpe mwenzio tiara asimame mita 20 au 30 kutoka ulipo, upande upepo unakoelekea, kilele kikiwa juu. Uzi ukaze. Upepo ukija, aiachie tu, asiirushe, nawe vuta uzi mikono miwili mitatu. Itapanda moja kwa moja na kuipita ile hewa ya chini inayosuguana na mchanga. Ukiwa peke yako, isimamishe tiara kwenye kichuguu cha mchanga, rudi nyuma na uzi, uvute.

Juu, kanuni iliyo ngumu kuizoea ni hii: tiara ikianza kupiga mbizi, legeza uzi. Mkono unataka kuvuta, na kuvuta kunaongeza mwendo wa kule kule inakoelekea, yaani chini. Ukilegeza, mabawa yanapoteza nguvu, tiara inajigeuza, kilele kinatazama juu tena, na hapo ndipo unapovuta. Upepo ukipungua fanya kinyume: vuta uzi taratibu ipande, achia kidogo, vuta tena. Baada ya muda huhitaji kuitazama. Kidole kinachogusa uzi kinakwambia kama upepo umezidi, kama kuna mtetemo wa kitambaa kilicholegea, kama tiara imeanza kuelemea. Ninathamini sana hali hiyo ya kusikiliza kwa kidole. Akili inatulia kwa kuwa ina kazi moja tu.

Uzi usiuchukulie kama kitu cha kuokoteza. Poliesta iliyosukwa inafaa kuliko nailoni, kwa sababu nailoni hunyumbuka sana na kukucheleweshea habari za tiara. Uzi wa kuvulia ulio kama kioo uuache: unakata ngozi na ndege hawauoni. Kwa upepo wa wastani, kadiria uzi unaobeba kilo 15 kwa kila mita ya mraba ya kitambaa. Tiara tuliyoipima ina mita za mraba 0.4, kwa hiyo hata wa kilo 10 una akiba. Akiba hiyo unaihitaji, maana fundo baya huweza kuondoa hadi nusu ya nguvu ya uzi. Usiuzungushe mkononi kamwe. Vaa glavu, na tumia kibao au gurudumu la kukunjia. Nyuzi mbili zikikingamana angani zisisuguliwe. Ule uliosimama husuguliwa mahali pamoja, hupata joto, hukatika. Sogeeni karibu, mpishane, zitaachana.

Nguvu ya tiara inastahili kukumbukwa hata unaporusha ndogo. Tarehe 12 Novemba 1894, katika ufukwe wa Stanwell Park huko Australia, Lawrence Hargrave aliinuliwa karibu mita 5 kutoka ardhini na tiara zake nne za umbo la sanduku zilizofungwa pamoja. Upepo wa ufukweni, mchanga wa kuangukia, uzi. Vifaa vyetu ni vilevile.

Mawingu ya radi yakionekana hata kwa mbali, teremsha. Nyaya za umeme ziwe mbali, na tiara ikinasa kwenye waya iache hapohapo. Karibu na uwanja wa ndege usirushe kabisa, na uulize kimo kinachoruhusiwa mahali ulipo. Uingereza, kwa mfano, kikomo cha kawaida ni mita 60.

Kuiteremsha tiara inayovuta kwa nguvu, usikunje uzi huku umekazwa, maana unajibana na kuumiza kibao. Funga mwisho wa uzi kwenye mfuko uliojazwa mchanga na kufukiwa, kisha mwenye glavu apitishe mkono juu ya uzi na kutembea kuelekea tiara, akiushusha uzi mpaka aifikie. Tiara ikiwa chini, kunja uzi taratibu ukiwa umelegea, ukiupitisha kwenye kitambaa chenye unyevu kinachofuta mchanga na chumvi. Nyumbani osha kitambaa, fito na pete kwa maji baridi yasiyo na chumvi, anika kivulini kwa kuwa jua hudhoofisha nailoni, na usikunje kikiwa na unyevu. Kisha pitisha mita 10 za mwanzo za uzi kati ya vidole viwili. Ukigusa mahali palipoota manyoya, kata hapo na ufunge upya.