Siku moja maishani mwangu: fundi mitambo wa Queen Street

Saa nne asubuhi. Naamka masikio bado yanavuma kwa shoo ya jana. Nakaa Scarborough, mashariki mwa Toronto, upande huu huu aliokulia mwimbaji The Weeknd, na ndugu zangu wa Tanga wakisikia hivyo huniuliza kama nimeshapiga naye picha. Hata kumwona sijawahi. Mimi ni fundi mitambo ya sauti wa klabu ndogo Queen Street West, jirani na Horseshoe, ukumbi uliopo tangu 1947. Kwetu wakijaa sana ni watu mia mbili.

Saa sita mchana. Treni hadi Ossington, nanunua betri na vishikio vya maiki Long & McQuade. Waimbaji huchomoa maiki kama wanang'oa muhogo.

Saa tisa alasiri. Nje ni nyuzi 14 chini ya sifuri. Bendi ya kwanza inashusha vyombo harakaharaka, maana gari limesimama pasiporuhusiwa. Mpiga dramu amebeba snea, ile dramu ndogo ya mbele yake, pedali na matoazi yake tu. Dramu zilizobaki ni za klabu, kila bendi inazitumia hizo hizo. Mpiga gita anataka kufungua kasha lake. "Liache kwanza, mdogo wangu." Gita lililotoka kwenye baridi ile likipigwa na joto la ndani ghafla hutoka jasho kama chupa ya soda, vanishi inaweza kupasuka, na nyuzi hazikubali kutulia. Nusu saa, kasha limefungwa. Ananitazama kama babu mwenye miiko.

Saa kumi na moja. Testi, yaani kujaribu sauti kabla ya shoo. Desturi ni kuanza na bendi itakayopiga mwisho, ili ya kwanza imalizie na kuviacha vyombo vyake vilivyo. Leo ya mwisho inatoka Montreal, zaidi ya kilomita 500, na imekwama kwenye theluji barabara ya 401. Meneja ananiuliza mimi watafika lini, utadhani usukani ninao.

Saa tatu usiku. Vijana wanapiga. Wazuri, ila kila nikishusha gita kwenye mixa, mwenyewe anapandisha amplifaya yake. Bendi ya pili inapita salama.

Saa tano kasorobo Montreal wanaingia na theluji mabegani. Hakuna testi tena, ni kuchomeka na kumwomba Mungu. Nanung'unika, "Jamani, huu waya umekufa," mwimbaji anageuka: "Mukubwa, we ni mutu wa wapi?" Kumbe ni wa Bukavu. Wimbo wa pili watu wameshavua makoti. Spika iliyo miguuni pake inaanza kupiga mluzi. Naitafuta sauti yenyewe kwenye mixa, naikata kidogo, mluzi unakufa kabla hajakunja uso.

Saa nane usiku baa inafunga mauzo na hesabu inafanyika. Kiingilio dola 15, watu 80: dola 1,200. Zinakatwa 150 zangu na 100 za mlinzi wa mlango. Zilizobaki zinagawanywa kwa bendi tatu, na Montreal, kwa kuwa ndio wakubwa, wanapata nusu: 475. Wako watano, mafuta kwenda na kurudi ni juu yao, na wanalala sebuleni kwa rafiki. Hili sijalizoea. Nakaa pembeni nakunja waya huku zangu ziko mfukoni tayari, na mimi wimbo hata mmoja sijatunga. "Aksanti mingi, mukubwa," ananiambia, ananipa mkono.

Saa tisa usiku treni zimeshalala. Napanda tramu ya 310 kupanda Spadina, tunapita klabu ya El Mocambo, walikorekodi Rolling Stones 1977, na ule mnazi wake wa neon. Theluji imekaa juu ya makuti. Naingiza mkono mfukoni kutafuta kadi ya nauli, nakuta ufunguo wa dramu, wa kukazia ngozi. Si wangu, wala si wa klabu. Na wenyewe wanaondoka alfajiri.