Kamba Arubaini na Mbili

Jana usiku binti yangu alisimama mlangoni mwa choo, mswaki mdomoni, anasoma maandishi ya nyuma ya dawa ya meno. Tangu ajue kusoma Kiingereza, hakuna kopo wala pakiti inayompita. Akakwama kwenye neno moja.

"Ka-ra-ji-na-ni. Mama, hiki kitu gani?"

"Mwani," nikamwambia. "Mwani wa bibi yako."

Akacheka, akadhani namtania. Mimi nikabaki nimeshika taulo, harufu ya mwani unaoanikwa juani imenijaa puani.

Jambiani, kijiji chetu cha pwani ya mashariki ya Unguja, mwaka 2004. Nilikuwa darasa la tano. Ilikuwa Jumamosi ya bamvua, na kufika saa tatu asubuhi maji yalikuwa yameshakupwa mbali. Tulikwenda na mama, mimi nimebeba viroba vitupu, yeye kanga kaifunga kiunoni. Wiki tano nzima tulikuwa tunaingojea siku ile. Alipanda kotonii, aina ya mwani ambayo bei yake ilikuwa karibu maradufu ya aina nyingine, spinosamu, kwa sababu karajinani yake, ule ute wa mwani unaogandisha vitu, huganda imara zaidi, na pesa za mavuno yale zilikuwa zimeshapangiwa kazi: sare yangu, madaftari, na bati mbili za kumalizia upande wa jikoni.

Mama akainama, akaishika kamba ya kwanza karibu na kijiti, akajikaza kuinyanyua. Kamba iliyokomaa mwani ni nzito, hukata vidole. Ile ilikuja nyepesi, mpaka akayumba. Matawi yalikuwa meupe, meupe kama mfupa wa ngisi uliotupwa na mawimbi. Aliyashika, yakakatika mkononi, mengine yakawa utelezi tu. Zikabaki taitai, vile vikamba vidogo vya kufungia mwani, zimefungwa mafundo, kila fundo halina kitu.

Akaenda kamba ya pili. Ya tatu. Nilikuwa nyuma yake, maji yamenifika magotini, na nakumbuka yalivyokuwa vuguvugu, kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Nilidhani ni jua la asubuhi. Kumbe bahari yenyewe ilikuwa imepata joto, na kotonii haistahimili joto: huugua, hupauka, huyeyuka.

Hakulia. Nilikuwa namtazama usoni nikingoja alie ili na mimi nijue la kufanya. Alirudi kamba ya kwanza, akaanza kufungua taitai moja moja, anazitia kwenye kiroba nilichomshikia mdomo. Kamba na taitai hazikuwa zetu. Kampuni iliyonunua mwani ndiyo iliyotoa vifaa, na ukishachukua vifaa vyake humuuzii mwengine. Alizihesabu kamba kwa sauti ya chini. Arubaini na mbili. Alipomaliza, maji yalikuwa yanarudi, yamenifika kiunoni, na alikuwa bado hajanambia neno.

Mengine yalikwenda haraka. Wakala alikuja akatazama, akasema pandeni spinosamu, akaondoka. Bei ilipangwa mbali, na hasara ya bahari kupata joto ilikuwa ya yule aliyesimama ndani ya maji. Mama akapanda spinosamu. Ile hustahimili kidogo, na karajinani yake laini ndiyo inayoifaa dawa ya meno. Kilo saba au nane mbichi, zikikauka, humwachia kilo moja ya kupima.

Siwezi kuulaani mwani. Mbegu ililetwa kutoka Ufilipino, na kilimo cha biashara kilianzia kwetu na kijiji jirani cha Paje mwaka 1989. Kabla ya hapo bibi alikuwa anafukia makumbi pwani, anayafukua yameoza, anayaponda na kusokota kamba kwa malipo madogo mno. Mwani ndio uliomfanya mama awe na pesa aliyoshika kwa mkono wake mwenyewe, asiyoiomba kwa mtu. Nimesoma kwa pesa hiyo. Lakini mgongo wake pia umeondoka kwa mwani huo huo, na nikijaribu kutenganisha hayo mawili, sifiki mbali.

Wanawake wa kwetu hawakukaa kungoja. Kuna waliojaribu kwenda maji ya kina, kwenye ubaridi, ambako kotonii huweza kuishi. Huko lazima uwe na chombo na ujue kuogelea, na wengi wao hawakufundishwa utotoni, maana kuogelea kulihesabiwa mchezo wa wavulana. Kuna waliojifunza kuusaga mwani na kupika sabuni kwa mafuta ya nazi na karafuu. Mama alijiunga na hao. Kipande kimoja cha sabuni humpa zaidi ya kilo nzima ya mwani mkavu. Taabu ni wanunuzi: wageni wa hoteli wakikosekana, sabuni hukaa kwenye kasha.

Asubuhi hii nilimpigia simu. Nikamwambia mjukuu wake amesoma jina la mwani kwenye dawa ya meno. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Hiyo dawa mnanunua bei gani?"

Nikamtajia. Nikamsikia anahesabu kwa sauti ya chini, kama siku ile.