Bunduki ninayoiota

Miaka sita nimebeba bunduki za wageni porini Selous, na leo nimeamua: yangu itakuwa ya risasi nene inchi .375, yaani .375 Holland & Holland. Wenzangu wananisukuma nichukue .416 Rigby, yenye risasi nene zaidi, maana mbogo aliyejeruhiwa hataki mchezo. Kweli hataki. Lakini niliwahi kujaribu .458, kubwa kuliko hizo zote mbili, kwenye shabaha. Risasi ya tatu bega lilikuwa linawaka moto, ya nne nikajikuta nafumba macho kabla ya kufyatua. Ukifumba macho mbele ya mbogo umekwisha!

Hii .375 ipo tangu 1912. Kichwa cha risasi yake, karibu gramu 19, kinazama mpaka moyoni, na pofu unampiga kwa hiyo hiyo. Kitako nataka cha mbao, kilichopakwa mafuta tu. Akiba naanza mwezi huu.