Jinsi nilivyochagua rangi ya RAV4 na janti zake hapa Goma

Kila aliyesikia kwamba nataka kubadilisha rangi ya Toyota RAV4 yangu alikuwa na la kuniambia. Chukua nyeusi ya mati, ile isiyong'aa. Chukua rangi ya selulozi, inakauka upesi. Janti, zile rimu za magurudumu, zipake rangi ya bomba la moshi, haiungui. Yote matatu niliyakataa, na leo mafundi wa garaji za jirani wanaligonga bodi kwa kucha na kuuliza limepakwa nini. Naandika kwa sababu ushauri ule bado unazunguka mjini na unawala watu pesa.

Usianze na rangi unayoipenda. Anza na rangi iliyopo. Magari mengi tunayonunua hapa yamekwisha kupakwa upya kabla hayajatufikia, na muuzaji hatakuambia yalipakwa nini. Loanisha kitambaa cheupe cha pamba kwa diluani ya selulozi, ile tina kali, ukibandike mahali pasipoonekana, kama upande wa ndani wa kifuniko cha tanki, kwa dakika mbili hivi, halafu usugue. Fanya hivyo kwenye kila mlango, kila mudguard na boneti, maana gari moja linaweza kuwa na rangi za aina tatu. Kitambaa kikibaki cheupe, hiyo ni rangi ya kiwanda au ya diriseri, yaani iliyochanganywa na dawa ya kugandisha: piga msasa upake juu. Kitambaa kikishika rangi, ni selulozi au nyingine isiyo na diriseri. Na rangi yenyewe ikivimba, ni rangi ya mafuta, ile ya kupakia mageti. Kwangu bodi yote ilisimama imara isipokuwa mlango wa nyuma: ulikunjamana hapo hapo kama utando wa maziwa yaliyochemka. Mlango huo tuliukwangua hadi kwenye chuma. Aliyekuwa akisema "piga msasa tu, paka juu" hakujua kwamba diluani ya rangi mpya hupenya mpaka kwenye ile ya mafuta na kuiinua pamoja na kila kilicho juu yake. Kitambaa hakikunigharimu kitu, kikaniokolea kazi nzima.

Sasa hiyo selulozi. Ni kweli inakauka upesi, lakini inakauka kwa diluani kupaa tu, haigandi. Ndiyo maana diluani huiyeyusha hata baada ya miaka, na petroli huilainisha. Hapa ambapo mafuta mengi tunamiminiwa na kadhafi, wale wauza petroli kando ya barabara, kwa chupa na mpare, ubavu wenye tanki utachafuka mapema. Rangi ya diriseri au besi, yaani tabaka la rangi yenyewe, yenye verni ya diriseri juu, ile inayong'aa na kuonyesha rangi iliyo chini, inavumilia hayo, mradi ufute upesi.

Nyeusi ya mati ni nzuri kwenye picha. Lakini vumbi letu ni jiwe la volkano lililosagwa. Ukipitisha kitambaa kikavu umepitisha msasa, na mati haisuguliki ikarudi: ukiipolishi, pale uliposugua panang'aa na pengine panabaki pamefifia. Mkwaruzo mmoja wa motari, dereva wa teksi ya pikipiki, unakudai upake upya mlango mzima. Tena tuko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Hewa inaweza kuwa ya baridi na jua likawa bado linakula rangi, hasa nyekundu na njano za bei ya chini. Verni nzuri ina kinga ya jua ndani yake, na ndiyo ninayoilipia kwanza kabla ya kufikiria rangi.

Kati ya rangi yenye chembe za metali na rangi tupu, nilichagua tupu. Metali inapendeza, lakini chembe zake zinalala kufuatana na presha ya pistole, ile bunduki ya kupulizia rangi, umbali na unene wa tabaka, kwa hiyo fundi mwingine akirekebisha mlango mmoja kesho, unaonekana hata kama kodi, yaani namba ya rangi, ni ile ile. Ukipiga tabaka la maji mengi yanatokea mawingu. Kwa gari linalopita kila siku kati ya motari na chukudu, vile vyombo vya mbao vya kubebea mizigo, hilo ni jambo kubwa. Lulu nyeupe kama 070 ya Toyota ni ngumu zaidi, ina besi mbili chini ya verni. Nyeupe 040 ndiyo rahisi kuliko zote kurekebisha. Mimi nilitaka kijivu kilichokolea kisicho na metali, cha aina ile ya Audi inayoitwa Nardo, kodi LY7C. Vumbi la lava nalo ni kijivu, halionekani haraka.

Usiende dukani na picha ya simu. Nenda na kodi. Kama unabaki na rangi ya gari lako, kwenye Toyota itafute kwenye kibati cha nguzo ya mlango au chini ya boneti, baada ya herufi C/TR: kilicho mbele ya mkwaju ni rangi ya nje, kinachofuata ni ya viti na ndani. Na kabla ya kulipia kopo zima, omba kidogo ukijaribu. Mimi nilikata makopo ya maziwa ya unga, nikayanyoosha na kuyapiga msasa, nikapaka apre, ile rangi ya kwanza ya chini, upande mmoja ya kijivu cheupe na upande mwingine nyeusi, kisha besi na verni juu ya zote. Ndipo utakapoona kama besi inafunika kwa tabaka mbili au inataka nne, na hapo ndipo pesa zinapojificha. Kitazame kibati ulichokipaka saa sita mchana, kivulini, na kikiwa kimelowa. Kijivu nilichokipenda dukani kilikuwa cha samawati kabisa chini ya mawingu ya volkano ya Nyiragongo. Cha pili ndicho kilichobaki.

Kwa gari la ukubwa huu hesabu lita 2 za besi kabla ya diluani, na lita 2 za verni pamoja na lita 1 ya diriseri yake. Nunua zote siku moja, na kama besi iko kwenye makopo mawili, yachanganye ndani ya ndoo safi kabla ya kuanza, la sivyo boneti na milango vitatofautiana. Rangi na verni zilinila dola mia tatu na kitu. Msasa, skochi (utepe wa kuzibia) na mkono wa fundi ni mbali.

Verni nyingi ni 2 kwa 1: vipimo viwili vya verni, kimoja cha diriseri ya kampuni ile ile, na diluani isizidi asilimia 10. Soma kopo. Kuna wanaoongeza diriseri ili ikauke upesi. Inakuwa tete na kupasuka. Ndugu yangu wa Lubumbashi alinisisitizia diriseri ya taratibu. Kwao mwezi wa kumi, kwenye joto lile, yuko sawa kabisa. Hapa jioni inapoa, na verni inayochelewa kushika inakusanya kila vumbi linalopita. Chukua ya kawaida.

Tulipaka asubuhi baada ya usiku wa mvua, umande ulipokwisha kuondoka, ardhi ikiwa imemwagiwa maji bila kuacha madimbwi. Msasa 400 mkavu, kisha 600 wa maji. Pistole ya mdomo wa 1.3, presha kama bar 2, sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bodi, kila mpito ukifunika nusu ya uliotangulia, dakika 10 au 15 kati ya tabaka. Fungua kompresa kwa chini utoe maji kabla ya kuanza. Tone moja likipita kwenye pistole linatoa malengelenge. Na barakoa iwe ya vichujio vya mkaa. Mvuke wa diriseri unaharibu mapafu, na kitambaa hakiuzuii.

Janti sasa. Rangi ya bomba la moshi inahitaji kupashwa moto mkali ndipo igande. Janti haifikii joto hilo, kwa hiyo rangi inabaki laini na unga wa breki unaingia ndani yake. Besi na verni ile ile ya bodi inatosha kabisa. Kinachozishinda janti ni kushika: alumini iliyo wazi inataka apre ya epoksi au ile ya kung'ata alumini, tabaka jembamba, baada ya sabuni, kiondoa mafuta na msasa 320 kisha 400. Ukiona ufa, usipake. Rangi itauficha hadi siku janti itakapovunjika.

Wengine hupaka vaselini kwenye pine, yaani tairi, ili rangi isishike. Vaselini inaruka kwenye janti na rangi inakimbia, inaacha vishimo vya macho ya samaki. Silikoni ya kung'arisha pine ni mbaya zaidi. Tumia karata. Toa upepo, sukuma mpira kidogo, chomeka karata kati ya mpira na ukingo wa janti, kila moja ikiilalia ya kabla, kuzunguka yote. Kwa janti ya inchi 17, karata 35 hivi, kasha moja linatosha. Zinasimama wima kama ukuta, rangi inazunguka ukingo mpaka nyuma yake, na mstari wa skochi hauonekani popote. Hakuna skochi inayokupa hivyo.

Pale nati inapokalia pasipate rangi. Kama ni tundu la koni, weka gololi. Kama nati ina washa bapa, kata duara la skochi. Uso unaogusa habu nao ufunike. Rangi ikibaki hapo inabonyea, nati zinalegea. Kwenye Toyota ndogo kaza Nm 103, na baada ya kwenda mji jirani wa Sake na kurudi kaza tena.

Besi iliyobaki bila diriseri iweke kwenye chupa ya kioo, andika kodi na tarehe, itakusaidia kwa mikwaruzo. Verni iliyokwisha kuchanganywa usiihifadhi, itaganda humo humo. Pistole ioshe mara tu unapomaliza, kabla hata ya kutoa magazeti kwenye vioo.