Nilivyoishika historia ya Marekani kwa daftari la kikoba

Mtihani wa kwanza nilipata 43 kati ya 100, na nilikuwa nimesoma kwelikweli. Nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee hapa Virginia. Natoka saa moja asubuhi, nalala mpaka mchana, jioni niko darasani. Nilikuwa nimebandika vikaratasi jikoni kote, juu ya sinki na kwenye mlango wa friji: 1607 Jamestown, 1619 White Lion, 1620 Mayflower, 1765 Sheria ya Stempu, 1776 uhuru, 1787 katiba. Ukiniamsha usingizini ukaniuliza mwaka, nilikujibu.

Mtihani haukuuliza miaka. Swali kubwa lilikuwa hili: watu waliokataa kodi ya mfalme mwaka 1765, ilikuwaje baada ya miaka 22 wakakaa chini na kuandika katiba inayoipa serikali yao mamlaka ya kutoza kodi? Niliandika mistari minne, nikakwama. Nyumbani nilivibandua vile vikaratasi vyote na kuvitia kwenye bahasha.

Msaada ulitoka Morogoro. Kabla ya kuja huku nilikuwa mweka hazina wa kikoba chetu kwa miaka sita, wanawake 28, na mpaka leo mama mwenyekiti hunipigia simu Jumapili. Siku hiyo alikuwa na ugomvi wa mkopo mkononi, mdhamini anakana, mkopaji analia. Nikamuuliza atauamuaje. Akasema, "Mwanangu, mimi nawaacha kwanza waseme mpaka wachoke. Halafu nafungua daftari, naangalia nani anamdai nani, tangu lini." Tukaendelea na habari nyingine. Usiku, kazini, maneno yale yakanirudia, na kesho yake nikanunua daftari kubwa la kaunta. Nikalipiga mistari ya safu tano kama la kikundi: mwaka, anayedai, anayedaiwa, kiasi, na nani hasa amelipa.

Mstari wa kwanza ukawa 1606. Nilikuwa nadhani Virginia ilianzishwa na mfalme, kumbe ilianzishwa na kampuni ya hisa. Wafanyabiashara na matajiri wa London walichanga mtaji, Mfalme James wa Kwanza akawapa hati, na mwaka uliofuata wanaume na wavulana kama 104 wakashushwa Jamestown, kwenye ardhi ya Wapowhatan, wenyeji wa huko. Wenye hisa walisubiri dhahabu, na dhahabu haikuwepo. Majira ya baridi ya 1609 kuingia 1610, wengi wa walowezi wakafa kwa njaa. Kilichoiokoa koloni ni tumbaku aliyoanza kuilima mlowezi John Rolfe karibu na mwaka 1612. Hapo sikuhitaji mwalimu. Mjomba wangu amelima tumbaku Urambo maisha yake yote, najua zao lile linavyokula udongo na migongo ya watu. Ukilitegemea, kila mwaka unataka shamba jipya na mikono mipya. Ardhi ilichukuliwa kwa Wapowhatan. Mikono nayo ilitafutwa kwingine.

Mwaka 1619 niliupa kurasa mbili. Tarehe 30 Julai, kanisani Jamestown, walikutana wawakilishi waliochaguliwa na walowezi, baraza la kwanza la namna hiyo katika makoloni ya Uingereza huku Amerika. Mwezi mmoja baadaye, mwishoni mwa Agosti, meli iitwayo White Lion ilitia nanga Point Comfort ikiwa na Waafrika ambao barua ya wakati ule inawataja kuwa ishirini na ushei. Walikuwa wamenyang'anywa kutoka meli ya Kireno iliyotoka Luanda. Wakabadilishwa kwa chakula.

Point Comfort ipo mpaka leo, ndani ya Fort Monroe, mji wa Hampton. Kwangu ni mwendo wa dakika 25 kwa gari. Nilikwenda Jumamosi moja nikitoka kazini, bado nimevaa sare. Asubuhi ile maji yalikuwa ya kijivu, upepo mkali, na mzee mmoja alikuwa akivua samaki pembeni. Nilikuwa nimesoma kwamba wengi wa watu wale huenda walitoka ufalme wa Ndongo na walisema Kimbundu. Kimbundu ni Kibantu kama lugha zetu. Sisi tunasema mtu, wao wanasema mutu. Nililitamka neno lile pale ufukweni, mara mbili tatu. Mwaka 1619 kabla ya hapo ulikuwa karatasi kwenye friji.

Mmoja wao tunalijua jina lake. Katika orodha ya watu wa koloni ya mwaka 1625 yumo mwanamke aitwaye Angela, katika nyumba ya William Pierce, Jamestown. Meli aliyokuja nayo imeandikwa pia. Ilifika Point Comfort siku chache tu baada ya White Lion, na jina lake lilikuwa Treasurer, yaani Mweka Hazina. Cheo changu mimi, miaka sita. Nilipofika kwenye daftari kumwandika, mkono ulisita kwenye safu ya anayedaiwa, maana Angela hakuwa na deni la mtu yeyote. Nikamwandika upande wa wanaodai. Kiasi nikakiacha wazi.

Makoloni ya kaskazini niliyapitia haraka. Dini ndiyo iliyowavusha bahari wengi wao, hilo halina ubishi, ila hata wale wa Plymouth, waliokuja na meli ya Mayflower, walikuja kwa mtaji wa wafanyabiashara wa London, na deni lile liliwachukua zaidi ya miaka 20 kulimaliza. Mstari mwingine niliouwekea alama nyekundu ni wa Virginia, 1662: sheria ikasema mtoto atafuata hali ya mama yake, mtumwa au huru. Yaani kuanzia hapo tumbo la mama lilihesabiwa kama mtaji wa mtu mwingine.

Nilipofika 1763, lile swali la mtihani likaanza kufunguka. Uingereza ilikuwa imemaliza Vita vya Miaka Saba imeshinda, lakini deni lake la taifa lilikuwa limekaribia mara mbili, na bado ilitaka kuweka askari Amerika. Bunge la London likaona ni haki makoloni nayo yachangie. Ndipo ikaja Sheria ya Stempu: kila gazeti, hati ya shamba, leseni, hata karata za kuchezea, lazima ziwe na stempu iliyolipiwa. Walowezi walikuwa wamezoea kukatwa kodi na mabaraza yao wenyewe. Hasira yao ilikuwa kwamba waliokaa na kupanga makato haya ni watu wasiowachagua. Hili kila mwanakikoba analielewa. Mkate mama mmoja shilingi elfu mbili ya rambirambi siku ambayo hakuwepo kikaoni, uone kikao kijacho kitaanzia wapi. Sheria ilifutwa 1766.

Kuhusu chai ya Boston nilikuwa nimekosea kabisa. Niliamini walimwaga chai baharini kwa sababu bei ilipanda. Sheria ya 1773 iliishusha bei, kwa sababu serikali ilitaka kuiokoa Kampuni ya Uhindi Mashariki iliyokuwa na madeni na maghala yaliyojaa chai. Ila ndani ya ile chai rahisi kulikuwa na ushuru wa Bunge la London, na anayeinunua anakuwa ameukubali. Masanduku 342 yakaenda majini tarehe 16 Desemba.

Vita vyenyewe, kutoka Lexington 1775 hadi Yorktown 1781, havikunisumbua. Kilichonishika ni namna walivyovilipia. Kongresi yao, yaani bunge la pamoja, haikuwa na mamlaka ya kutoza kodi, ikachapa noti za karatasi, noti zikaporomoka thamani, na askari wakalipwa ahadi. Katiba yao ya kwanza, Makubaliano ya Shirikisho, ilianza kazi tarehe 1 Machi 1781. Kila jimbo kura moja. Kubadili kifungu lazima majimbo yote 13 yakubali. Fedha, Kongresi inaomba tu majimbo, na jimbo lisipotoa hakuna la kulifanya. Wakapendekeza ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa kutoka nje, Rhode Island ikakataa, ukafa. Juni 1783 askari wanaodai mishahara walilizingira jengo la mikutano Philadelphia, na Kongresi ikahama mji, ikaenda Princeton. Wenye nchi wanawakimbia askari wao kwa sababu sanduku ni tupu.

Niliposoma hapo niliweka kalamu chini, kwa sababu yalishatukuta. Mzunguko wetu wa kwanza tulianza bila faini. Tulisema sisi ni majirani, tunaaminiana, kila mtu ataleta marejesho kwa hiari yake. Siku ya kuvunja tukafungua sanduku, nikahesabu mara tatu mbele ya wote, pungufu ni shilingi 640,000. Kuna mama alikuwa ametegemea gawio lake kwa ada ya mtoto. Mzunguko wa pili tulikaa siku mbili nzima kuandika katiba: faini, wadhamini, na sanduku la bati lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti.

Wao mwaka wao mbaya ulikuwa 1786. Massachusetts ilitoza kodi nzito, ilipwe kwa sarafu, ili kuwalipa wenye hati za madeni ya vita. Hati nyingi walikuwa wamezinunua walanguzi kwa bei ya kutupa kutoka kwa askari wenye shida. Askari yule yule sasa anatozwa kodi kumlipa mlanguzi, asipoweza anapoteza shamba au anafungwa. Wakulima wakafunga mahakama kwa nguvu. Daniel Shays, aliyekuwa kapteni vitani, akawa miongoni mwa viongozi wao. Januari 1787 walipoiendea ghala ya silaha Springfield wakapigwa mizinga, wanne wakafa.

Miezi minne baadaye wajumbe wakaanza vikao Philadelphia. Walipita 55 kwa jumla, waliotia saini tarehe 17 Septemba ni 39, na Rhode Island haikutuma mtu. Katiba yenyewe niliisoma usiku wa zamu, wazee wakiwa wamelala, na nakushauri uisome mwenyewe kabla ya kusoma maelezo yake. Ni kama maneno 4,500 tu, niliimaliza kwa siku mbili. Orodha ya mamlaka ya Kongresi inaanza na kutoza kodi, na papo hapo imetajwa kulipa madeni. Kifungu cha sita kinasema madeni ya zamani yote yanabaki halali. Na miswada ya mapato lazima ianzie Baraza la Wawakilishi, lile linalochaguliwa moja kwa moja na wapiga kura. Jibu langu lilikuwa hapo. Kodi waliyoikataa 1765 iliamuliwa na wengine. Hii waliipanga wenyewe, wakagawa funguo tatu, kwa Kongresi, Rais na Mahakama, baada ya kuonja shida ya sanduku lisilo na kitu.

Lakini kikoba chetu aliyeingia aliingia kwa hiari, na katiba ile iliwahesabu watu ambao hawakuulizwa. Majimbo yenye watumwa yaliongezewa viti kwa kuhesabu watatu kati ya kila watumwa wao watano, watu wasio na kura. Biashara ya kuwaleta ililindwa isiguswe mpaka 1808. Nilipita na penseli mstari kwa mstari nikilitafuta neno mtumwa, halimo. Wameandikwa "watu wengine wote". Hilo lilinikera kuliko kama wangeliandika, na bado linanikera.

Mengine niliyajaza bila shida. Yalihitajika majimbo tisa kuipitisha, la tisa likawa New Hampshire, Juni 1788. Rhode Island ilijiunga mwisho, Mei 1790, kwa kura 34 dhidi ya 32. Nyongeza kumi za haki zikakamilika Desemba 1791, kwa sababu wengi walikuwa wamekataa kuipokea katiba bila ahadi hiyo. Mwaka 1790 Alexander Hamilton, waziri wa fedha, alipopendekeza serikali kuu ibebe madeni ya majimbo, kusini wakagoma, mpaka wakakubaliana: madeni yatabebwa, na mji mkuu utajengwa kando ya mto Potomac. Washington ipo pale ilipo kwa sababu ya deni.

Mtihani wa mwisho lile swali lilirudi kwa sura nyingine. Niliandika kurasa tano, nikapata 88. Mwaka uliofuata, kwenye usaili wa uraia, ofisa aliniuliza kwa nini walowezi walipigana na Waingereza. Nikajibu sentensi moja, kodi bila uwakilishi, akaweka alama na kuendelea.

Sasa naanza nusu ya pili ya somo na nimenunua daftari jingine. Kwenye kikundi, daftari jipya huanza na salio lililohamishwa kutoka la zamani, hata kama ni deni la mtu mmoja. Nimepiga safu zangu tano, na mstari wa juu kabisa nimemwandika Angela, 1619, upande wa wanaodai, kiasi bado wazi.