Paneli ipo, mchoroni haipo: siku yangu moja na modeli ya umeme

Saa 2:30 asubuhi. Ujumbe kutoka kwa fundi mkuu: "Injinia, mchoro unaonyesha paneli tatu kwenye chumba cha umeme, jedwali linasema nne. Tufuate lipi?" Paneli ni masanduku ya kugawa umeme; jedwali ni orodha ya vifaa inayotolewa na modeli. Swali la namna hii hunitoa usingizi haraka kuliko chai ya asubuhi. Fundi hafungui modeli. Kilichomo kwenye karatasi ndicho atakachofunga ukutani.

Saa 3:00. Nafungua Revit, programu ya kujengea modeli ya jengo kwenye kompyuta, na kubofya kitufe chenye alama ya taa kinachofichua vilivyofichwa. Zinajitokeza soketi mbili kwa rangi ya majenta, basi. Paneli haimo. Kategoria ya vifaa vya umeme imewashwa, na hakuna chujio linaloificha. Kwenye mwonekano wa 3D naikuta pale pale ukutani, nzima, ukingo wake wa chini ukiwa milimita 1400 kutoka sakafuni.

Hapo mambo yakawa wazi. Ramani ya sakafu ni jengo lililokatwa kwa usawa fulani, nasi tunatazama chini. Mkato wetu uko milimita 1200. Paneli tatu ni ndefu na zinaupita mkato huo. Ya nne ni fupi, yote imekaa juu ya mkato, na kategoria hii haichorwi ikiwa juu ya mkato. Hakuna aliyeificha.

Saa 4:00 mpaka saa 7:00. Ningeweza kupandisha mkato, lakini milango na madirisha ya ghorofa nzima yangebadilika sura. Ningeweza kuchora eneo dogo lenye mkato wake chumbani humo, ila lingebidi lirudiwe kwenye kila mwonekano. Nikaamua kurekebisha familia yenyewe, yaani kielelezo ambacho paneli hiyo imetengenezwa kwacho, maana dawa ikiwa ndani ya familia huifuata paneli kokote iendako.

Nimeongeza mstari usioonekana unaoshuka toka kwenye paneli hadi chini ya mkato, ili mkato uiguse na paneli ichorwe, urefu wake ukifungwa na kimo cha ufungaji. Kisanduku cha 3D nimekizima kwenye ramani; mahali pake inachorwa alama ya paneli tu. Mlango na kitasa vinaonekana kwenye kiwango cha undani wa juu pekee.

Nafasi ya kazi mbele ya paneli, inayoachwa wazi kwa ajili ya fundi, nayo nimeipa kategoria ndogo yake ili iwashwe na kuzimwa peke yake. Kwa wanaofuata NEC, kanuni za umeme za Marekani, kifungu cha 110.26 kinataka angalau futi 3 za kina. Kisanduku cha nafasi hiyo kwenye karatasi ya fundi ni uchafu, kwenye mwonekano wa uratibu, unaolinganisha kazi za fani zote, ni uhai wa mtu.

Saa 9:00. Kikao cha uratibu. Nawasha nafasi hiyo, na bomba la maji linaonekana likipita katikati yake. Mwenzetu wa mabomba anakubali kulihamisha.

Saa 10:30. Zile soketi mbili. Kuficha kwa mkono hakuondoi kitu kwenye jedwali, kwa hiyo zingenunuliwa na zisingekuwa na pa kufungwa. Nimeuliza: ni za mpangilio wa zamani. Nimezifuta. Kisha nimefunga mipangilio yote kwenye kiolezo cha mwonekano na kukitumia kwa ghorofa zote.

Saa 11:15 jioni. Natuma karatasi mpya. Jibu linarudi baada ya dakika chache: "Nimehesabu, Injinia. Nne."