Kanuni ya 30 kwenye daftari la hesabu

Jana usiku umeme ulikatika hapa Ntinda, nikaazima daftari la miraba la mpwa wangu tukaanza kupaka wino kwa Kanuni ya 30: unajaza miraba mstari kwa mstari, kila mstari ukitokana na ule wa juu yake. Kanuni yenyewe fupi: tazama miraba mitatu iliyo jirani; wa katikati na wa kulia ukiikuta yote myeupe, mraba ulio chini ya wa katikati unachukua rangi ya ule wa kushoto; vinginevyo unachukua kinyume chake.

Tulianza na mraba mmoja mweusi. Mweusi ukiwa 1 na mweupe 0, safu wima ya katikati ikatoa 1, 1, 0, 1, 1, 1, 0, 0... Nilitafuta mpangilio hadi macho yakauma, sikuuona!

Miaka ya 1980 mwanasayansi Stephen Wolfram alipendekeza kanuni hii itumike kusimba siri. Mstari wa kwanza ndio ufunguo. Tarakimu zinazotoka kwenye safu ya katikati unazilinganisha na za ujumbe: zikifanana andika 0, zikitofautiana 1. Herufi A, ambayo kwenye kompyuta ni 01000001, ikawa 10011101. Mpwa akairudisha peke yake. Jamani, nilifurahi!

Ila siri za maana msizifungie humo. Mwaka 1991 watafiti Willi Meier na Othmar Staffelbach walionyesha jinsi ya kuupata ufunguo kutokana na tarakimu hizohizo. Hilo ndilo ninalolisoma sasa.